Takomita kwa pikipiki ndogo: ipi ununue Dar, na ipi uiache dukani

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazotembea mjini hapa hutoka kiwandani na spidomita, geji ya mafuta na taa ya nyutro, basi. Mwendo unauona. Injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, hilo ndilo takomita huonyesha; bila hiyo unalikisia kwa sikio.

Sikio la dereva aliyezoea chombo chake ni zuri, nami nimelitegemea miaka mingi. Lakini ukiwa Ubungo katikati ya malori na daladala, helmeti kichwani, sikio halina kazi. Ukianza kupanda kuelekea Kimara na abiria nyuma na mzigo juu ya tangi, bado uko gia ya nne, injini inalemewa mpaka usukani unatetemeka, na mkono wako unaongeza resi tu. Injini ndogo huumia sana kwa mtindo huo: joto linapanda, mafuta yanaungua vibaya, pistoni na beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zinabeba kishindo kisicho chao. Takomita ingekuambia mapema kwamba umeshuka chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika, rudisha gia.

Ushauri wangu wote wa kununua umesimama hapa: usichague kwa sura, chagua kwa kuuliza mita inachukua wapi hesabu yake. Kioo kizuri kilichounganishwa mahali pabaya kitakudanganya kila siku.

Ya kwanza: mita ya kuzungushia waya wa plagi

Kwa watu wengi, hii ndiyo ya kununua. Ni kijisanduku chenye kioo cha namba, betri yake iko ndani, na kinatoka na waya mmoja mrefu. Waya huo unauzungushia kwenye waya mnene wa plagi mara tatu hadi tano na kuubana kwa kamba ya plastiki. Nyingine zina waya wa pili wa kufunga kwenye bodi. Plagi ikipiga cheche, waya uliozungushwa unapata mpigo mdogo, na mita inahesabu. Hukati waya wowote wa pikipiki, hugusi swichi wala betri. Ukiuza chombo, unaivua na kuondoka nayo.

Shida kubwa ya mita hizi ni mpangilio, na watu wengi huzitupa bure kwa sababu hiyo. Injini zetu huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani cheche moja kwa mizunguko miwili ingetosha. Lakini kwenye pikipiki nyingi za CDI (kisanduku cha umeme kinachotuma mpigo wa cheche), kitambuzi kinasoma magneto, ile sumaku inayozungushwa na injini, na magneto inazunguka sawasawa na krenki. Plagi inapiga kila mzunguko: cheche moja inachoma mafuta, nyingine inapotea wakati moshi unatoka. Kwa hiyo weka mita kwenye 1P1R, yaani cheche moja kwa mzunguko mmoja. Baadhi ya injini mpya zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta hupiga cheche moja kwa mizunguko miwili. Hizo zinataka 1P2R. Mita isiyo na sehemu ya kubadilisha mpangilio usiinunue hata kwa bei ya bure.

Uchelewaji ni kasoro yake ya pili. Nyingi za bei nafuu hubadilisha namba baada ya nusu sekunde au zaidi, kwa hiyo hazifai kuangalia wakati unapandisha gia haraka. Kwa kurekebisha silensa (mizunguko ya injini ikiwa imetulia bila resi), kujua unatembea kwenye mizunguko mingapi, na kuhesabu saa za injini ili umwage oili kwa wakati, zinatosha kabisa. Tafuta yenye betri inayobadilishika. Zilizozibwa moja kwa moja zikiisha chaji zimekufa.

Ya pili: ya mshale, yenye umeme wa volti 12

Kama unataka kuisoma ukiwa barabarani, chukua hii. Mshale unausoma kwa jicho la pembeni, namba lazima uzitazame. Kuna tofauti kubwa hapo ukiwa kwenye foleni ya Buguruni.

Kazi yake ya waya ndiyo inayoiweka nafasi ya pili. Ina waya wa umeme unaopitia swichi, waya wa ethi (unaofungwa kwenye bodi), na waya wa kuchukua mpigo. Huo wa tatu ndio wa kuogopa. Fundi akiwa na haraka ataukita moja kwa moja kwenye waya mwembamba unaotoka CDI kwenda kwenye koili. CDI hutupa mpigo wa volti mia moja na zaidi kwenye waya huo, na mita iliyotengenezwa kwa mfumo mwingine huungua siku hiyo hiyo. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, kabla sijafika nyumbani. Nunua ile ambayo waya wake wa mpigo unazungushwa kwenye waya wa plagi, au iliyoandikwa wazi kwamba inakubali CDI.

Rangi za waya nazo zisikudanganye. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mtindo wa Honda, kijani ni ethi na cheusi ni umeme wa swichi. Za Kihindi zina utaratibu wao. Mwambie fundi, “Kaka, pima kwanza kwa testa.” Fundi mzuri hatakasirika. Weka na fyuzi ndogo, ampea moja au mbili zinatosha.

Angalia pia kipimo cha uso. Injini hizi hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko kama 7,000 hadi 8,500. Uso unaofika 13,000 unakuacha na theluthi ya kioo usiyoitumia kamwe, na mstari mwekundu uliochorwa pale si wa injini yako. Uso wa 10,000 unasomeka vizuri zaidi.

Ya tatu: dashibodi ya ndugu yake

Kama toleo lingine la pikipiki yako lilitoka kiwandani na takomita, dashibodi yake inaweza kukaa kwako ikiwa soketi na kebo ya spidomita vinalingana. Ikilingana, ndiyo inayopendeza kuliko zote. Nenda Kariakoo na dashibodi yako ya zamani mkononi, ulinganishe soketi pini kwa pini. Usikubali “itaingia tu.” Na kumbuka kilomita zitabadilika: andika namba ya zamani mahali pa kudumu, umwonyeshe atakayenunua chombo kwako. Kumficha ni kumwibia.

Dashibodi za kidijitali za kufunga kwenye pikipiki yoyote naziweka nafasi ya nne, ingawa ndizo zinazong'aa kuliko zote dukani. Inabidi uondoe mita nzima, ufunge sumaku na kitambuzi kwenye tairi, uweke mzingo wa tairi, kisha uunganishe taa, indiketa na geji ya mafuta upya. Geji ya mafuta mara nyingi haikubaliani na boya la tangi lako. Nyingi pia hazivumilii regulator (kidhibiti cha chaji ya betri) mbovu. Kabla ya kununua, pima betri injini ikiwa na resi. Ikizidi volti 15, rekebisha hilo kwanza.

Za kebo usizinunue. Zinahitaji gia ya kuizungusha kebo kwenye injini, na injini nyingi ndogo za sasa hazina sehemu hiyo.

Kabla hujatoa hela

Omba iwashwe hapo hapo dukani, kwenye pikipiki yako. Injini ikiwa imepata moto, silensa nzuri huwa kati ya 1,300 na 1,500. Ukiona karibu 2,800 na injini imetulia, mpangilio umezidisha mara mbili. Ukiona 700, umegawanya. Namba zikirukaruka, punguza mizunguko ya waya kwanza, kisha angalia kofia ya plagi. Kofia yenye rezista ya kilo-omu 5, au plagi ya NGK yenye herufi R kwenye namba yake, hutuliza fujo hiyo.

Kwa masika ya hapa, na kwa wanaolala Kigamboni karibu na chumvi ya bahari, chukua iliyoandikwa IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) au zaidi, na bado ongeza silikoni pale waya unapoingia. Ifunge kwenye usukani kwa raba, mbali na ekzosti. Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, injini ikiwa inawaka, huku ukiutazama waya. Ukikaza upande wowote, fungua na uanze upya.