Kubadili Jina na Jinsia katika Hati za Ujerumani kwa Mwenye Uraia wa Kenya Pia

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ofisi za usajili wa raia nchini Ujerumani, yaani Standesamt, ambazo tangu tarehe 1 Novemba 2024 hupokea tamko la mtu anayetaka kubadilishiwa jina la kwanza na jinsia katika kumbukumbu za serikali. Mimi ni mwanamke trans mzaliwa wa Kenya na raia wa nchi zote mbili, na ninawaandikia hasa wenzangu wenye pasipoti mbili.

Upande wa Ujerumani nausifu bila kusita. Sheria ya mwaka 1980 ilimpeleka mtu mahakamani na kumtaka achunguzwe na wataalamu wawili waliojadili maisha yake ya ndani kana kwamba ni kesi. Sheria ya sasa inalipokea neno lake mwenyewe. Unaitaarifu ofisi kwanza, unasubiri miezi mitatu, kisha unafika kutia saini kabla miezi sita haijapita tangu siku ya taarifa, la sivyo unaanza upya. Unachagua kuandikwa mwanamke, mwanamume, jinsia ya tatu, au nafasi hiyo iachwe wazi. Mama aliyenihudumia alinisomea tamko lote kwa sauti ya taratibu, akaniuliza jina langu jipya linavyotamkwa, akalirudia mpaka likakaa sawa ndipo akanisogezea karatasi.

Ugumu huwakuta waliozaliwa nje, kwa kuwa Ujerumani haina cheti chao cha kuzaliwa cha kurekebisha. Ofisi niliyokwenda ilitaka cheti changu cha Kenya kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa na kihakikiwe upya huko kilikotolewa, na hakuna aliyenieleza hayo siku ya kutoa taarifa. Hilo ni kosa la huduma, maana miezi mitatu ya kusubiri ingetosha kabisa kuyashughulikia. Baada ya hapo kitambulisho na pasipoti havikuwa na shida. Kitambulisho cha Ujerumani, kwa bahati njema, hakionyeshi jinsia hata kidogo.

Kwa upande wa Kenya, cheti cha Ujerumani kinachothibitisha mabadiliko haya hakibadilishi chochote chenyewe. Jina linabadilika kwa hati ya kubadili jina (deed poll) inayoandaliwa na wakili, ikasajiliwa, kisha tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, likieleza kwamba fulani, aliyejulikana zamani kwa jina fulani, ameliacha jina hilo moja kwa moja. Jambo hili liliniuma. Sheria ya Ujerumani inakataza kufichua jina la zamani la mtu bila idhini yake, na anayelifichua kwa kusudi la kumdhuru anaweza kutozwa faini ya hadi euro 10,000. Kenya inayachapisha majina yote mawili katika mstari mmoja, na tangazo hilo linasomeka na yeyote mwenye intaneti. Nawasihi mlipime jambo hili mapema, hasa wenye jamaa wasiojua habari zenu.

Kuhusu jinsia, Kenya haina utaratibu wa kiofisi unaolingana na tamko la Ujerumani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanaharakati trans wa Kenya, cheti kipya cha shule chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia, na namshukuru sana kwa kulipigania jambo hilo hadharani. Hata hivyo, hukumu hiyo ilihusu cheti cha mtihani. Haikugusa alama ya jinsia katika kitambulisho cha taifa wala pasipoti.

Kwa hiyo ninaipa huduma ya Ujerumani nyota nne kati ya tano, na ushauri wangu kwa wasafiri ni kulinganisha majina katika pasipoti zote mbili kabla ya kukata tiketi, hata kama alama za jinsia zitabaki tofauti. Jina la tiketi likigongana na la pasipoti, safari inaweza kukwama palepale kaunta ya shirika la ndege. Beba nakala zilizothibitishwa za cheti cha Ujerumani na za hati ya kubadili jina ya Kenya katika mkoba wa mkononi, kamwe si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.