Tairi la nyuma, upepo unaoisha usiku, na fundi aliyenicheka: uzoefu wangu

Nimeahirisha kuandika maoni haya ya kumpa fundi wangu nyota mara mbili kwa sababu kila nikianza naona nitatukana. Leo nimetulia. Nadhani.

Nilimpa fundi baiskeli yangu ya milimani anitolee tyubu na kuniwekea tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, lenye dawa ya majimaji ya kuziba matundu, magurudumu yote mawili. La mbele halijanisumbua hata siku moja mpaka leo, nalisema mapema ili nisije nikaambiwa natafuta ugomvi. La nyuma lilitulia miezi kadhaa, kisha likaanza tabia. Jioni nalijaza psi 24 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), asubuhi nalikuta na 12. Siku nyingine psi 8. Na si pancha. Pancha ya tyubulesi unaijua: upepo unafyonza, dawa nyeupe inaruka mpaka mgongoni, unazungusha gurudumu mara mbili tatu na tundu linajiziba lenyewe. Hili halikuwa na tundu la kuonekana wala sauti. Ukiwa juu yake mchana kutwa liko sawa. Ukilala, nalo linalala.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: dawa. Ongeza dawa. Nikaongeza. Tairi la upana wangu linataka mililita 100 hivi, mimi nilifika mahali nikikata kona nasikia maji yanacheza ndani kama dumu lililojaa nusu. Asubuhi, psi 12.

Basi nikarudi kwa fundi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kabla ya kwenda nilifanya kazi yangu. Nilichukua maji ya sabuni na brashi laini nikaanza kwenye ncha ya valvu, maana kiini chake kikilegea au kikiganda kwa dawa kavu hapo ndipo pa kwanza kuvuja. Hakuna povu. Nikapaka ukingo wa tairi pale linapokutana na rimu, pande zote mbili, taratibu. Hakuna. Nikapaka ubavuni, ambako matairi mengine hutoa vipovu vidogo kama jasho. Vitatu vinne, si vya kuua mtu. Nikafika kwenye nati ya valvu, ile ya mviringo inayobana rimu. Hapo povu likaumuka taratibu, likapasuka, likaumuka lingine. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Ugonjwa nimeuona, nampelekea mwenyewe auponye.

Nilipofika nikamweleza: "Kaka, tairi la nyuma linapoteza upepo usiku, na mapovu yanatokea hapa kwenye valvu." Hakuinua macho. "Dada yangu, tyubulesi zote zinapunguza upepo, ni kawaida. Umeweka dawa?" Nimeweka. "Weka tena." Nikamwambia kaka, dawa iliyomo inatosha kuogea. Akavuta pumzi ile ya mtu anayeonewa, akachukua plaizi, akaikaza ile nati. Kwa plaizi! Nati ambayo imetengenezwa na meno madogo pembeni ili uikaze kwa vidole. Niliona mkono wake unatetemeka kwa nguvu anayotia. Akapaka sabuni: hakuna povu. "Umeona?" Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Kesho yake, psi 11.

Nikapaka sabuni tena. Kweli kwenye nati pamenyamaza. Ila safari hii mapovu yalikuwa yanatoka kwenye zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu. Si moja, mbili, upande wa pili kabisa wa gurudumu. Nikarudi. Nikamwambia, "Kaka, sasa upepo unatoka kwenye spoki."

Akacheka. Si kicheko cha kunistaajabia, ni kile cha kuita watu. Akageuka kwa waliokuwepo: "Eti upepo kwenye spoki! Spoki inashika upepo tangu lini?" Wakacheka wote, na mmoja ambaye baiskeli yake ilikuwa imelala chali haina hata mnyororo akacheka kuliko wenzake. Kisha fundi akaniambia, kwa upole uliouma kuliko kicheko: "Dada, wewe endesha tu. Mambo ya ufundi tuachie sisi." Kuuliza si ujinga, tunafundishwa hivyo toka utotoni, lakini siku ile niliuliza nikaondoka mjinga.

Sasa nimweleze hapa, kwa sababu pale hakunipa nafasi. Spoki haishiki upepo, hilo anajua yeye na anajua mtoto. Kinachoshika upepo ni tepu. Rimu ina matundu kwa ndani, pale nati za spoki zinapopitishwa, na tepu ndiyo inayoyafunika yote kuanzia ukuta hadi ukuta. Tepu ikitoboka popote, hata penye upana wa kichwa cha pini, upepo unaingia kwenye uvungu wa rimu. Ule uvungu unazunguka gurudumu zima kama mfereji. Upepo unatembea humo mpaka upate mlango wa kutokea: tundu la valvu, au nati ya spoki yoyote. Kwa hiyo povu linakuonyesha mlango wa nyuma tu. Mwizi ameingilia kwingine kabisa, pengine upande wa pili wa gurudumu. Alipokaza valvu kwa plaizi aliufunga mlango mmoja, na upepo ukatokea mwingine. Nilichomwambia kwenye spoki kilikuwa jibu kamili la ugonjwa, na kililetwa mpaka mkononi mwake!

Na ndiyo sababu dawa haikufaa kitu. Gurudumu likizunguka dawa inatupwa nje, kwenye mpira unaogusa ardhi, na huko inafanya kazi nzuri sana. Tepu iko upande wa pili, karibu na spoki. Dawa inaifikia kwa bahati, labda ukilitikisa gurudumu likiwa limelala. Kuna rimu za UST, aina ya tyubulesi iliyoletwa na kampuni ya Mavic mwaka 1999, ambazo zilifanywa bila matundu ya spoki upande wa tairi. Hakuna tundu, hakuna tepu, hakuna kuchekwa. Zetu wengi si hizo.

Hapo nilikuwa nimeshaamua. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Jambo la kwanza lililonishinda ni nati ya valvu. Haikutoka kwa vidole wala kwa plaizi yangu, wala kwa kitambaa na matusi. Ilibidi niikate kwa msumeno wa chuma, taratibu, jasho linanitoka nisije nikajeruhi rimu. Kitako cha mpira cha valvu kilikuwa kimebanwa mpaka kimepinda upande mmoja. Valvu nzima ikaenda na maji. Nilipotoa tairi na kulitikisa gurudumu nikasikia chubwi chubwi ndani ya rimu. Dawa yangu! Zile chupa zote nilizokuwa namimina zilikuwa zinapita kwenye tepu na kwenda kukaa uvunguni, kulowanisha nati za spoki ambazo ni za alumini na hazipendi amonia iliyomo kwenye dawa nyingi.

Nikasafisha utando mkavu wa dawa ili nione aibu yake. Na hapa, jamani, inabidi niseme ukweli hata kama unaniuma.

Tepu ilikuwa imewekwa vizuri sana. Imevutwa ikanyooka, haina mkunjo hata mmoja, imepanda mpaka kwenye kuta zote mbili, na pale mwisho inapolala juu ya mwanzo kuna kama sentimita kumi na tano, tena karibu na valvu inavyotakiwa. Mimi mwenyewe singeweza kuiweka hivyo. Nikaendelea kuzungusha. Robo tatu ya gurudumu, safi. Kisha nikakiona: mkato mfupi, umenyooka, kando ya tundu la spoki, na chini yake doa jeupe la dawa. Upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliutazama muda mrefu. Nikaenda kwenye mfuko wangu wa vifaa, nikachukua kile kichuma ninachotolea tairi, nikaweka ncha yake juu ya mkato.

Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli yake.

Kuna siku tairi lilichanika ubavu njiani, mbali, nikaweka tyubu ya dharura ili nirudi. Nilikuwa na haraka na mikono ya tope, nikalichokonoa tairi kwa chuma badala ya vile vya plastiki. Ilikuwa kabla ya tabia kuanza. Wiki moja kabla? Tatu? Sitaki kukumbuka.

Kwa hiyo tepu niliitoboa mimi. Haya, nimesema. Lakini subirini: mimi sikujua, yeye ndiye fundi. Mgonjwa akijikata mwenyewe daktari anaruhusiwa kuita majirani waje wacheke?

Matengenezo nayasema haraka kwa wenye shida hii. Nilibandua tepu yote, maana kiraka juu ya tepu iliyolowa dawa hakishiki, nikaosha rimu, nikapangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikaiacha ikauke kabisa. Tepu mpya iwe pana kuliko nafasi ya ndani ya rimu kwa milimita mbili tatu, usikubali iliyo sawa sawa. Niliivuta mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Nikaweka tyubu ndani, nikajaza upepo, nikaliacha usiku kucha liikandamize. Asubuhi nikatoboa tundu la valvu kwa ncha ya msumari uliopashwa moto, kwa sababu tundu lililoyeyuka haliendelei kuchanika kama lililokatwa kwa kisu. Valvu mpya, nati kwa vidole. VIDOLE. Nikajaza upepo bila dawa kwanza, tairi likalia pa! pa! likakaa mahali pake, ndipo nikatoa kiini cha valvu na kuingiza mililita 100 kwa bomba la sindano. Nikalitikisa, nikalilaza juu ya ndoo upande huu, nikaligeuza upande ule.

Asubuhi psi 23 kutoka 24, na moja hiyo inaweza kuwa imetoka wakati nachomeka kipimo. Nimelipima kila siku tangu hapo kama mtu mwenye homa.

Nilipiga picha ya tepu ya zamani nikitaka kwenda kumwonyesha. Nilishavaa hadi viatu. Kisha nikafikiria: ataiangalia, ataona kazi yake ilivyo safi, ataona ule mkato, na ataniuliza swali moja tu. Nikavua viatu.

Kwa hiyo nyota. Kwa kazi ya mikono, nne, na ningempa tepu nyingine aiweke kesho. Kwa kusikiliza, hakuna. Tuseme tatu? Nilikuwa naandika tatu, halafu nikaiona ile nati mezani, imekatwa vipande viwili. Mbili.