Santuri ya mtumba ya Seiko Matsuda: nimeinunua mara mbili kwa ajili ya karatasi

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Fukuoka, Japani, kimasomo, na ugonjwa wangu ni Seiko Matsuda, mwimbaji wa pop wa Kijapani. Tuko kumi na wanne kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, wengi wao Dar na Mombasa, kazi yetu kupashana habari za albamu zake zinazotolewa upya na kubishana nani alitunga nini. Mwezi uliopita nikachoka kusikiliza kwa simu, nikatafuta santuri yenyewe ya albamu yake Kaze Tachinu, ya Oktoba 1981. (Mama aliposikia jina hilo aliuliza, "Akaze nini?" Kaze ni upepo, mama. Upepo umeinuka.)

Ya kwanza niliagiza mtandaoni, yen 800 bila nauli. Muuzaji kaandika "kamili". Ikafika imeviringishwa kama kichanga, haina hata mchubuko, lakini ndani ya jalada hamna karatasi ya mashairi. Nikamwandikia. Akaniomba radhi aya tatu za adabu tupu, karatasi sikuipata.

Sasa mtu atasema, karatasi ya nini na muziki unao? Jamani, uhondo wote uko mle. Programu ninayotumia inakuonyesha jina la mwimbaji na picha, basi. Karatasi inakwambia kwamba mashairi yote kumi ni ya Takashi Matsumoto, na nyimbo tano za upande A zote zimetungwa na Eiichi Ohtaki. Hawa wawili walikuwa bendi moja, Happy End, Matsumoto akipiga ngoma. Machi mwaka huohuo Ohtaki alikuwa ametoa A Long Vacation, mashairi mengi yakiwa ya Matsumoto, ndiyo maana ukizisikiliza albamu hizi mbili zikifuatana unasikia ndugu wa tumbo moja: zeze nyingi, mwangwi mwingi, ala zimepangwa tabaka juu ya tabaka.

Ya pili niliipata Kurume, mji aliozaliwa Seiko, nusu saa hivi kwa treni kutoka Tenjin, katikati ya Fukuoka. Yen 1,200. Safari hii nilifungua jalada palepale kaunta kabla sijatoa hela. Karatasi ilikuwemo, imepauka kwenye mikunjo, na aliyekuwa nayo zamani ameandika kodi (chords) za gitaa kwa penseli juu ya wimbo wa pili, akaishia katikati. Nimeipenda zaidi kwa hilo.

Kwenye mpangaji wa ala nikakuta jina geni: Tarao Bannai. Nikalirusha kikundini, dada mmoja wa Mombasa akajibu kabla sijaweka simu chini: ni Ohtaki huyohuyo, kajipa jina la mpelelezi wa sinema. Seiko alikuwa na bahati ya watunzi wenye vinyago. Januari 1982 alitoa wimbo wa Akai Sweet Pea, mtunzi kaandikwa Kureta Karuho, naye ni Yumi Matsutoya aliyeligeuza jina la Greta Garbo kwa matamshi ya Kijapani.

Kuhusu sauti: ukitoka kwenye wimbo wake Aoi Sangosho wa 1980, hapa koo lake lina mkwaruzo kidogo, na mimi naona unamfaa. Kuimba naye ni rahisi kwetu, maana irabu ni zetu zilezile tano. Upande B una wimbo Shiroi Parasol, uliotungwa na Kazuo Zaitsu. Uliobaki nausikiliza nikikaanga samaki.

Nyota nne. Ukanda wa karatasi unaozungushwa kwenye jalada haupo, na sindano inaruka mara moja kwenye wimbo wa December Morning. Ile ya kwanza, isiyo na karatasi, nitaibeba Agosti nikirudi likizo. Dada wa Mombasa ameshaniambia karatasi nimpigie picha, kodi za gitaa zionekane.