"Mama, mbwa ni mbwa tu": yaliyonipata agroveti moja hapa Kisumu

Bei na saa za kufungua ulizeni mlangoni. Mimi nina neno na kijana wa kaunta.

Mvua zilipoanza nilimpeleka Bosco, mtoto wetu wa mbwa, achanjwe. Alikuwa wa wiki nane hivi. Kijana akafungua droo, ile ile ya dawa za minyoo, akatoa vichupa viwili, cha unga na cha maji. Nikashika kimoja: vuguvugu, kama yai lililotoka kutagwa. Nikauliza, hii si ya kukaa kwenye friji? Akasema stima ilipotea tangu jana, "lakini iko sawa." Baadaye ndipo nikaambiwa chanjo hiyo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Wiki mbili hazijaisha, Bosco akakataa ugali na omena. Bosco huyu ambaye akisikia sufuria inakwanguliwa huja mbio mpaka anateleza sakafuni! Jioni akatapika povu la manjano. Usiku akaanza kuhara damu, na harufu yake, aliyewahi kuuguza mbwa wa parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, anaijua, haikutoki puani.

Asubuhi nikamfunga kwa leso, tukapanda boda mimi na wanangu wawili. Kijana alikuwa anakula chapati. Hakuinuka. Akamtazama Bosco kwa mbali, akasema, "Mama, mbwa ni mbwa tu. Akifa utapata mwingine." Mbele ya watoto!

Nilipiga kelele, sikatai. Pazia la nyuma likafunguka, akatoka daktari, dada mdogo tu. Hakuuliza nani ana makosa. Akavuta ngozi ya shingo ya Bosco, akaiachilia: ikabaki imesimama, hairudi. "Ameishiwa maji," akasema. Akanyoa manyoya ya mguu wa mbele, akaweka dripu. Parvo haina dawa ya kuua virusi vyenyewe, unarudisha maji mwilini, unazuia bakteria, unangoja. Jioni nne mfululizo alikuja kwangu baada ya kufunga duka. Siku ya tano Bosco akalamba maji ya wali.

Sasa nisemeje? Nilikusudia kuandika msikanyage pale kabisa. Na haki isemwe: daktari mwenyewe alinieleza kwamba sindano ya kwanza peke yake haitoshi, kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizima, ndiyo maana hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Huenda hata chanjo iliyokaa kwenye friji isingemkinga. Sawa. Lakini nikifungua kadi yake, pale panapobandikwa lebo ya kichupa ni peupe! Kwa nini yule kijana hakubandika? Alikuwa anaficha nini? Hapana, duka hilo siwezi kulisifu. Sifa ni za daktari.

Kibanda nimekisugua kwa Jik. Udongo wa uani siwezi kuusugua, na virusi hivyo hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo jirani nimemwomba asilete watoto wa mbwa wake kwangu.

Jumamosi Bosco anachomwa nyingine, ya magonjwa yaliyobaki. Nitarudi palepale. Nimemwomba daktari aitoe kwenye friji mbele ya macho yangu, amekubali. Nikimkuta yule kijana kaunta, nitangojea nje barabarani mpaka daktari atoke.