Kamusi ya Longman mtandaoni inamfaa nani?

Longman Dictionary of Contemporary English ilitoka mara ya kwanza mwaka 1978, na sifa yake kubwa haijabadilika: maana zimeandikwa kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Hulazimiki kufungua kamusi ya pili ili uielewe hii. Toleo la mtandaoni ni bure, ila uvumilie matangazo.

Utamu wake uko kwenye matumizi. Chukua "steal" na "rob". Kwetu yote ni kuiba, ndiyo maana mwanafunzi huandika "they stole the bank", na msomaji akaelewa kwamba wezi wamebeba jengo zima. Kamusi inakuwekea muundo, "steal something from somebody": baada ya "steal" hutajwa mali, baada ya "rob" hutajwa mwenye mali au mahali palipoibiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "explain something to somebody". Ukishaiona hiyo "to", "explain me" haitakutoka tena. Nayo "advice" ina alama ya "uncountable", yaani haihesabiki. Hakuna "an advice" wala "advices", bali "a piece of advice".

Angalia pia alama za S na W. S ni mazungumzo, W ni maandishi. S1 ni neno lililo katika 1,000 yanayosemwa zaidi, S2 ni 1,000 yanayofuata, S3 hivyo hivyo. Neno lisilo na alama yoyote kati ya hizo lielewe tu uendelee kusoma. La kukariri ni lile lenye S1 na W1. Matamshi yapo: spika nyekundu ni ya Uingereza, ya bluu ni ya Marekani.

Wengi hukwama kwenye maneno mafupi. "Get", "take" na "run" yana maana chungu nzima, na mtu akisoma ya kwanza hufunga ukurasa, halafu sentensi yake bado haieleweki. Maana nyingi zimetanguliwa na kichwa kidogo cha neno moja au mawili. Pitisha macho kwenye vichwa hivyo kwanza, chagua kinachoendana na sentensi uliyo nayo, kisha usome mfano wake. "Give up" itafute yote kwa pamoja, usianze na "give". Mifano ya mwisho wa ukurasa, iliyochotwa kwenye maandishi halisi, ni migumu kuliko ile ya juu. Mwanafunzi wa kati aiache.

Kiswahili hakimo kabisa, kwa hiyo anayeanza sifuri haimfai. Jipime kwa kufungua "bridge" na kusoma maana ya kwanza. Yakikukwamisha maneno zaidi ya mawili, baki kwanza na kamusi ya Kiingereza–Kiswahili.