Tabo Mbili kwa Msimu Mmoja: Uzoefu Wangu na Injini ya Dizeli Njia Mbovu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na atakayeona kwamba nimepita kiasi anivumilie kidogo, kwa sababu ndani ya msimu mmoja gari langu limekula tabo mbili, yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, na ya pili nusura iondoke na injini nzima. Kabla yake niliendesha kwa miaka mingi Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo ambayo Toyota walianza kuitoa mwaka 1990. Katika miaka yote hiyo sikuhitaji kujua chochote kilichomo chini ya boneti zaidi ya chujio la hewa, rejeta na mikanda. Niliiuza kwa sababu moja tu, uvivu wake milimani. Nikiikumbuka siku niliyomkabidhi mnunuzi ufunguo, natamani ningeamka mgonjwa.

Gari lililofuata lina injini ndogo zaidi, lakini ina tabo, na mwezi wa kwanza nililisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Kwenye barabara ya changarawe lilikuwa linaruka kama swala. Kwenye mawe, ambako gari linatakiwa kutambaa kwa gia nzito, mambo yalikuwa tofauti kidogo: ukikanyaga mafuta, injini inasita kwanza kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha nguvu zote zinakuja kwa mkupuo na tairi linazunguka mahali ulipotaka lisogee shubiri moja. Nilijifunza kuishi na kasoro hiyo. Hiyo si sababu ya hasira yangu.

Tabo ya kwanza ilikufa taratibu. Ule mluzi mwembamba niliouzoea uligeuka kuwa kilio cha king'ora, nguvu zikapungua, moshi ukawa mweusi. Ilipofunguliwa niliona kwa macho yangu gurudumu dogo linalosukuma hewa: ncha za mapanga yake, ambazo zinapaswa kuwa kali na sawasawa, zilikuwa zimelika kama meno ya mbuzi mzee. Ndani ya mpira unaotoka kwenye chujio palikuwa na mstari wa vumbi laini kama poda. Kifuniko cha chujio kina vibanio vinne, na kimoja kilikuwa kinaning'inia tangu servisi iliyopita. Ukikumbuka kwamba gurudumu lile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huhitaji kuwa mhandisi kujua punje ya mchanga inalifanya nini. Gereji iliyofanya servisi ndiyo hiyo hiyo niliyoipa kazi ya kufunga tabo mpya, na hapo lawama ni yangu.

Wiki chache baadaye nilikuwa napanda njia ya korongo, mzigo nyuma, nikasimama kupumzisha injini. Moshi wa buluu ulikuwa unatoka kwa wingi, nikaona heri nizime. Nikageuza ufunguo. Injini haikuzima. Badala yake ilianza kupandisha kasi yenyewe, sauti ikipanda bila mguu wangu kugusa chochote, na wingu la moshi likafunika gari zima hata nisione kioo cha nyuma. Mtu ambaye hajaisikia dizeli ikijiendesha kwa oili yake yenyewe hawezi kuelewa hofu ile, kwa maana ufunguo unakata mafuta ya kwenye tangi tu, na injini haina habari nayo tena, imeshapata chakula kingine kupitia njia ya hewa. Nikatia gia ya tano, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote na kuachia klachi ghafla. Gari likatikisika mara mbili, likazima. Nilikaa kwenye kiti kwa muda mrefu mikono ikitetemeka.

Sasa njooni gereji. Fundi mkuu hakuinuka hata kwenye kiti chake. Alisikiliza nusu ya maelezo yangu, kisha akasema mbele ya vijana wake, "Mzee, hili si trekta. Tabo inataka dereva anayeijua." Nikamuuliza kama dereva asiyeijua ndiye anayeweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa. Akajibu kwamba tabo zote ndivyo zilivyo, na kwamba mtu wa umri wangu angebaki na gari lake la zamani. Vijana wakacheka. Nililivuta gari langu likatoka pale kwa kamba, na njia nzima nilikuwa naapa kwamba sitanunua tena injini yenye tabo maishani, na kwamba kila anayezisifu kwa matumizi ya njia mbovu hajawahi kulala porini.

Kiapo hicho kilidumu siku mbili. Kijana mmoja wa gereji ndogo alifungua bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaniita, "Mzee wangu, njoo uone hiki." Alikuwa ameshika kwenye ncha ya bisibisi kipande cha gundi nyekundu ya silikoni, kirefu kama kidole cha mtoto, kimekauka na kuchukua umbo la bomba. Waliofunga tabo walikuwa wamepaka gundi mahali panapotakiwa gasketi kavu, tena wameipaka kama siagi, na ziada yake ikaminywa ndani. Oili iliyoingia kwenye tabo haikuwa na pa kutokea, ikajipenyeza kwenye sili zinazoizuia isivuje, nusu ikaenda kwenye bomba la moshi na nusu ikaingia kwenye silenda. Tabo yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Je, niseme basi kwamba tabo ni salama? Nilitaka kusema hivyo, halafu nikafikiri tena. Vumbi lile la kibanio kilicholegea lingeiumiza 1HZ pia, lingesaga pete za pistoni, lakini lingechukua muda wake na lingenirudisha nyumbani mara nyingi kabla ya kunidai. Gundi ile isingekuwa na bomba la kuziba. Injini isiyo na tabo ina milango michache ya kuingilia kwa fundi mzembe, na huko ninakokwenda mafundi wazembe ni wengi kuliko mashimo.

Hata hivyo, hasira isinifanye niseme uongo. Wakati gari langu likiwa limelala, rafiki alinipandisha kwa gari lake lisilo na tabo hadi kwenye njia iliyo juu ya mita 3,000, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu 30% likilinganishwa na pwani. Injini ilikohoa moshi mweusi, gia ikashuka hadi ya kwanza, na tulipitwa na pikipiki iliyobeba watu wawili. Mimi niliyeapa siku mbili kabla nilijikuta nikisikiliza kama nitausikia ule mluzi. Kule juu tabo inaisukumia injini hewa iliyokosekana, na tofauti yake huioni kwenye karatasi, unaihisi mgongoni.

Gari langu lina tabo ya tatu sasa. Nilisimama juu ya kichwa cha yule kijana alipokuwa anafunga gasketi, na kila nikitoka kwenye mlima nakaa dakika nzima injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta ili beringi za tabo zipoe kabla ya kuzima, huku abiria wakiniuliza tunamsubiri nani. Juzi nilimpigia simu yule aliyenunua 1HZ yangu, nikamuuliza kama angekubali kuniuzia. Akasema hauzi, ila tukibadilishana yuko tayari hata kesho, kwa sababu amechoka kupitwa na malori mlimani. Nilimwomba anipe wiki moja nifikiri, na wiki hiyo imekwisha zamani.