Steringi Aliyeshindwa: Jumapili Katika Banda la Video, Magomeni ya Mtwara

Wapenzi wa mabanda ya video wanaijua sheria isiyoandikwa ya kazi hii: steringi, yaani mhusika mkuu wa picha, hashindwi. Akipigwa risasi tatu atapona, na akianguka kutoka ghorofani patakuwa na turubai la kumpokea. Jumapili iliyopita, katika banda moja la Magomeni hapa Mtwara ambalo siku hizi huonesha sizoni za hospitali kila Jumapili alasiri kwa kiingilio cha shilingi 500, sheria hiyo ilivunjwa mbele ya watu wapatao hamsini, na namna walivyoipokea habari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Banda lenyewe halina mengi ya kusimulia. Mabenchi ni ya mbao za mnazi, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho ili mwanga usiingie, feni ni mbili na inayozunguka ni moja. Televisheni inatosha kwa aliyekaa hadi benchi la nne. Wa nyuma yake hulipa kiasi kilekile na kuona vichwa vya wenzao. Mlangoni yupo mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha, nayo ilikuwa moto na imeiva vizuri, kwa hiyo upande huo sina lawama.

Kilichooneshwa ni sehemu moja ya ER, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Michael Crichton, ambaye mwenyewe alisomea udaktari Harvard, na ambayo shirika la televisheni la NBC liliirusha tangu Septemba 1994 hadi Aprili 2009. Sehemu hiyo ni ya msimu wa kwanza na ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1995. Iliandikwa na Lance Gentile, daktari wa wagonjwa wa dharura, ikaongozwa na Mimi Leder, na wote wawili walipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Kisa ni chepesi kukieleza. Mama mjamzito anafika na mumewe katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Chicago, akilalamika kwamba anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Daktari Mark Greene, ambaye ndiye steringi, anaona ni maambukizi ya njia ya mkojo, anampa dawa na kumruhusu. Kabla hawajaondoka kwenye maegesho ya magari, mama anaanguka na kukakamaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona thamani na kasoro ya huduma ya banda hili kwa wakati mmoja. Mtafsiri wao, kijana anayekaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, ana kipaji ambacho siwezi kukikana: mgonjwa alimwita “shemeji yetu wa Newala”, mume akamfanya mnunuzi wa korosho aliyeacha mzigo mnadani, na kwa dakika kumi za mwanzo watu walicheka hadi benchi letu likalia. Lakini mama alipoanza kutikisika, mtafsiri alisema neno moja tu, “kifafa”, kisha akaendelea na utani. Matokeo yake yalionekana papo hapo. Bwana mmoja mbele yangu akamgeukia mwenzake na kumweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu, kwamba mwanamke huyo alikuwa na kifafa tangu utotoni, mume alifichwa wakati wa posa, na daktari hana kosa lolote. Nyuma yangu sauti nyingine ikasema amepandisha mashetani, na kwamba wangemwita fundi wa kuyatoa mapema pasingekuwa na haja ya sindano.

Aliyeliokoa onesho hakuwa mtumishi wa banda. Kwenye benchi la pili alikuwapo bibi mmoja, mkunga mstaafu, amejifunga kanga mbili na miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alisimama, akanyoosha mkono kama mwanafunzi, na mwenye banda akasimamisha picha.

“Mjukuu wangu,” alimwambia mtafsiri, “hicho siyo kifafa cha kuzaliwa. Hicho ni kifafa cha mimba. Sema yote.”

“Nisamehe, bibi. Kuna tofauti?”

“Tofauti ni kwamba hiki kinakuja na presha na protini kwenye mkojo, mimba ikishapita wiki ishirini, kwa mwanamke ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Ndiyo maana kliniki tunapima mkojo, tunafunga mkanda wa presha mkononi, tunauliza kama kichwa kinauma na macho yanaona ukungu. Endelea.”

Mtafsiri aliendelea, na nakiri kwamba alijitahidi, ingawa muda mfupi baadaye magnesiamu salfeti aliyopewa mgonjwa aliibatiza “dawa ya usingizi”. Kosa hilo lina historia yake. Kwa miaka mingi hospitali nyingi duniani zilitumia diazepamu, ambayo kweli humlaza mtu, na ni Juni 1995, miezi mitatu baada ya sehemu hii kurushwa, ndipo jarida la kitabibu la Lancet lilipochapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, Uganda na Zimbabwe zikiwamo, ukionesha kwamba magnesiamu salfeti huzuia degedege hizo zisijirudie vizuri zaidi kuliko diazepamu. Bibi hakusimama mara ya pili. Alitikisa kichwa tu na kumnong'oneza jirani yake.

Kuanzia hapo banda likanyamaza kwa namna ambayo sijapata kuiona katika ukumbi wa aina hii. Uchungu unaanzishwa, kichwa cha mtoto kinatokeza, mabega yanakwama. Bibi alikuwa akiwaamrisha wauguzi wa Chicago chinichini, “magoti kifuani, mkunjeni magoti, mmoja abonyeze juu ya kinena,” na vidole vyake vilikuwa vikibonyeza goti lake mwenyewe. Greene anapiga simu na kupiga tena kwa daktari bingwa wa uzazi, naye hashuki, kwa kuwa idara yake imeelemewa, na jambo hilo liliwafanya akina mama waliokuwa nyuma wagune kwa pamoja, halikuhitaji kutafsiriwa. Hatimaye daktari anakirudisha kichwa cha mtoto ndani na kumpasua mama palepale, katika chumba ambacho si cha upasuaji. Mtoto anaishi. Mama anavuja damu isiyotaka kuganda, na moyo wake unasimama.

Vijana wawili waliokuwa karibu na mlango hawakushtuka, kwa sababu walikuwa wakiutazama ule mstari wa dakika chini ya kioo. “Ataamka tu,” mmoja alisema, “bado dakika tano.” Dakika ya nne ikafika, ya tatu ikafika, na mama hakuamka. Nilimwona kijana huyo akiinuka nusu, akakaa, akavua kofia. Mwanamke mmoja alitoka nje akijifuta macho kwa upindo wa kanga na hakurudi.

Lawama yangu kubwa iko mwishoni. Katika sehemu hiyo Greene anapanda treni kurudi nyumbani, peke yake, na anaangua kilio. Hapahitaji neno, na waliotengeneza tamthilia walilijua hilo, lakini mtafsiri wetu aliona ukimya kama shimo linalopaswa kufukiwa, akambunia daktari hotuba nzima kuhusu mke na mshahara. Watu walimzomea. Ni haki yao, na ningependa mwenye banda alichukulie hilo kama ushauri wa wateja: mahali pa kunyamaza, kipaza sauti kizimwe.

Picha ilipokwisha hakuna aliyeondoka kwa karibu nusu saa, na hiyo ndiyo sehemu ya huduma ambayo shilingi 500 haziitoshi. Upande mmoja ulimshika Greene kwa kumruhusu mgonjwa haraka. Upande wa pili ulimshika yule bingwa aliyefika akiwa amechelewa na bado akawa na ujasiri wa kumfokea mwenzake. Akina mama walikuwa na jambo lao wenyewe: mume aliyekaa karibu na kichwa cha mkewe tangu mwanzo. Mmoja alieleza kwamba hapa kwetu mume huishia kwenye mti ulio nje ya wodi ya wazazi, na pazia kati ya kitanda na kitanda lenyewe ni la kugombania, sasa huyu angekaa wapi? Yule bwana wa mbele yangu, aliyekuwa amekwisha kumhukumu mgonjwa kwa kifafa cha utotoni, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuvimba miguu peke yake ni dalili. Bibi alimjibu kwamba miguu huvimba kwa wajawazito wengi, ila uso na mikono vikivimba, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu, asisubiri siku ya kliniki.

Kwa tamthilia yenyewe sina shaka: imepita miaka mingi na bado inashika koo. Kwa banda, nawashauri wasomaji wafike mapema wapate benchi la pili au la tatu, wakae upande wa kulia, kwa kuwa spika ya kushoto inakoroma, na wasiwapeleke watoto, maana hakuna anayewazuia mlangoni. Nilipokuwa natoka nilimsikia mtafsiri akimwomba bibi akae kando yake Jumapili ijayo, nauli ya bodaboda atalipa yeye. Bibi alisema atafikiri, kwa sababu korosho zimeanza kudondoka na shamba lake liko Nanyamba.